Bunyan nje ya Safari ya Msafiri: mashairi na hadithi zilizobaki kivulini

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro: "Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Shikamoo. Mimi nafundisha shule ya Jumapili. Nimekulia na Safari ya Msafiri ya John Bunyan, maana babu alikuwa akitusomea jioni baada ya chakula. Juzi mchungaji wetu alitaja kwamba Bunyan aliandika vitabu karibu 60, vikiwemo vya mashairi ya watoto na hadithi nyingine. Sijawahi kuviona. Rafiki yangu aliyesomea fasihi chuoni anasema mashairi yake ni dhaifu, nisipoteze muda. Je, ni kweli? Na kama yanafaa, nianzie wapi, na je, naweza kuwatafsiria watoto wangu wa kanisani?"

Amina, asifiwe milele. Marahaba, binti yangu. Umegusa jambo ambalo nimelibeba moyoni miaka mingi, kwa hiyo univumilie nikiwa mrefu.

Rafiki yako hajakosea kabisa. Ukimweka Bunyan kwenye mizani moja na John Milton, mshairi mkubwa aliyeishi wakati uleule nchini Uingereza, mizani italala upande wa Milton bila ubishi. Milton alikuwa msomi wa Kilatini na Kigiriki. Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford, mtoto wa fundi wa kuziba masufuria yaliyotoboka, na kazi hiyo akairithi. Alifundishwa kusoma na kuandika, basi. Vina vyake mara nyingine vinagongana, na iko mistari iliyojazwa maneno ili hesabu itimie tu. Yote hayo ni kweli, nami nimeyaona kwa macho yangu.

Lakini rafiki yako ameuliza kama shairi limepambwa. Hakuuliza limeona nini. Na Bunyan anaona! Huyu alikuwa mtu wa kushika sufuria ya mwenyewe, akaigeuzageuza kwenye mwanga mpaka alione tundu lilipo. Ndivyo anavyoshika yai, chura, konokono na mkate wa peni moja. Katika Safari ya Msafiri tunaiona njia nzima, kutoka Mji wa Uharibifu hadi Mji wa Mbinguni. Katika mashairi madogo tunaona kitu kimoja tu, kikiwa karibu na pua. Kwangu mimi hiyo ni zawadi ya pili ya mtu huyu, na inasikitisha kwamba wengi tumepewa ile ya kwanza peke yake.

Tuanzie gerezani, maana huko ndiko alikozoea kalamu. Novemba 1660 alikamatwa kwa kuhubiri bila kibali cha kanisa la serikali. Alikaa gereza la Bedford miaka 12, hadi 1672. Wakati wowote angeweza kutoka kama angeahidi kuacha kuhubiri. Hakuahidi. Nyumbani alikuwa na mke na watoto, na mmoja wao, Mary, alikuwa kipofu. Katika kitabu cha maisha yake anasema kutengana nao kulikuwa kama kubanduliwa nyama kutoka kwenye mifupa yake, na aliyemuumiza zaidi ni huyo mtoto asiyeona. Ili wapate kula, alitengeneza kamba za viatu mle gerezani zikauzwe nje.

Mwaka 1663 likatoka shairi lake la Prison Meditations, yaani tafakari za gerezani, lenye beti 70 fupifupi. Lilizaliwa kama jibu. Rafiki yake alimwandikia barua ya kumtia moyo, asikubali kichwa chake kizame, naye akajibu kwa mashairi. Anaanza kwa salamu kama unavyoanza barua, anashukuru, anasema shauri la rafiki lile ni bora kuliko dhahabu na kwamba alikuwa analihitaji kweli. Napenda sana hilo neno la mwisho. Tumezoea kumwona Bunyan kama shujaa wa imani asiyetikisika, na hapa anakiri kwamba maji yalikuwa yamemfika shingoni. Halafu shairi linapanda. Anasema watu wameufunga mwili wake kwa makufuli na nondo, lakini kwa imani ya Kristo anaweza kupanda juu kuliko nyota. Na ubeti mwingine, ninaoupenda kuliko wote, anasema gereza hili kwetu ni kama kilima: tukiwa juu yake tunaona waziwazi ng'ambo ya dunia hii, tunashiba mambo yanayodumu.

Hebu fikiri kidogo. Gereza ni mahali pa kuta, pa kutoona mbali. Yeye analigeuza kuwa kilima. Mtu anaweza kusoma vitabu vingi vya Milton asikutane na mgeuzo mwepesi namna hiyo, uliosemwa kwa maneno ambayo hata mtoto anayaelewa.

Kabla ya hapo, 1661, alikuwa ametoa kitabu kingine cha mashairi, na baadaye yapo mengine marefu kuhusu kifo, hukumu, mbingu na jehanamu, na yale ya milima ya Ebali na Gerizimu. Hayo waachie watafiti. Ni mahubiri yaliyofungwa vina, na Bunyan wa mahubiri ni mzuri zaidi akiandika nathari.

Sasa tuje kwenye kitabu kinachokuhusu wewe moja kwa moja. Mwaka 1686, miaka miwili kabla ya kufa kwake, Bunyan alichapisha A Book for Boys and Girls, kitabu cha wavulana na wasichana. Kina mashairi 74, na mwanzoni amewawekea watoto alfabeti na namba wajifunzie kusoma. Katika utangulizi anasema wavulana na wasichana anaowalenga ni wa kila namna na kila cheo, kuanzia watu wazima hadi watoto wa magotini. Yaani anatuona sisi wakubwa nasi tunachezea vitu vya kitoto, kwa hiyo anacheza nasi ili atunase. Baada ya kifo chake wachapishaji walikipunguza hadi mashairi 49, kikaja kuuzwa kwa jina jingine, Divine Emblems. Ukitafuta kwenye intaneti utakutana na majina yote mawili. Chukua lenye mashairi 74.

Mengi yana umbo moja: kwanza anakieleza kitu chenyewe, kisha chini yake anaandika linganisho, anatuambia kinafanana na nini katika maisha ya roho. Wakosoaji wanalalamika kwamba linganisho linaharibu shairi. Mara nyingine ni kweli. Lakini soma shairi la mkate wa peni moja. Anauambia mkate: wakati wa neema bei yako ni peni moja, wakati wa njaa unapanda hadi 20, na mkate ukibaki mmoja tu hakuna ajuaye akuwekee bei gani. Kisha linganisho: hivyo ndivyo lilivyo Neno la Mungu, kitu cha bei ya chini mpaka njaa iipige nafsi, hapo ndipo linapokuwa uhai wetu na pumzi yetu. Mtu yeyote aliyewahi kuona debe la mahindi likipanda bei mwezi wa Februari hahitaji kuelezwa zaidi.

Shairi la yai nalo ni la kufundishia wiki nzima. Linaanza hivi, kwa maana yake: yai si kifaranga kwa kule kudondoka tu kutoka kwa kuku, wala mtu si Mkristo mpaka azaliwe mara ya pili. Mstari mmoja wa kuku, mstari mmoja wa Yohana 3, basi. Yuko chura pia, mwenye mwili wa baridi, mdomo mpana na tumbo kubwa, anayekaa bustanini ameinua kichwa akilia kelele zisizopendeza. Bunyan anamfananisha na mnafiki wa kanisani. Watoto watacheka, na watu wazima wawili watatu watatazama chini.

Ila kuna shairi moja lazima nikutahadharishe. Linahusu Musa na mke wake Mkushi. Bunyan anasema Musa alikuwa mweupe, mkewe mweusi, na kukaa kifuani mwa Musa hakukubadilisha ngozi yake. Vivyo hivyo, sheria ya Musa haiwezi kumsafisha mwenye dhambi. Fundisho juu ya sheria nalielewa. Lakini kuifanya ngozi nyeusi kuwa picha ya dhambi ni jambo lililonichoma nilipolisoma mara ya kwanza na linanichoma hadi leo. Katika Hesabu 12, walionung'unika kwa sababu ya mwanamke huyo ndio waliowakiwa na hasira ya Mungu, na Bunyan aliijua sura hiyo vizuri. Usilisome kwa watoto. Kwa vijana wakubwa, lisome mkiwa na Biblia wazi, mlijadili bila kuogopa. Mtu wa Mungu anaweza kuona mbali sana na asione kilicho karibu naye.

Haya, konokono. Nimelitafsiri sehemu ya kwanza, na nimelifanya kwa bahari ya utenzi, mizani nane kila mshororo, kwa sababu Kiswahili tayari kina chombo cha kubebea mafundisho ya namna hii. Bunyan alitumia beti za mishororo minne; nasi tunayo minne yetu:

Mwendo wake taratibu,
Hajikwai, hana tabu,
Safari yake karibu,
Afika bila kuchoka.

Kelele hana kinywani,
Apanda juu ya jani
Alilopewa shambani,
Ala pole pasi shaka.

Mwendo si wa kudorora,
Wala mbio za papara;
Aendaye kwa busara
Tuzo lake hulishika.

Si tafsiri ya neno kwa neno. Bunyan anasema wengine wanazurura na kukodoa macho wasipate kitu, na mimi nimeliacha hilo ili ubeti usipasuke. Lakini nimejaribu kutunza mwendo wake, maana shairi hili lenyewe linatambaa. Niliwahi kulisoma kwa watoto wa miaka minane hivi, na mmoja akaniuliza: "Kwani nyumba yake siyo mzigo wake?" Nilinyamaza. Bunyan, aliyempa msafiri wake, Mkristo, mzigo mgongoni katika kitabu chake mashuhuri, hapa hakuitaja kabisa nyumba ya konokono. Mtoto aliiona. Katika linganisho anasema kwamba wanaomtafuta Kristo wakionekana kama hawasogei wasife moyo, na mstari wake wa mwisho hauna fundisho lolote zaidi ya kusema kwamba majani na ua vimeliwa na konokono. Amefika, amekula. Mshairi dhaifu asingeweza kuishia hapo.

Buibui ndiye mfalme wa kitabu hiki, na kwa Mtanzania shairi lake lina jina: ni ngonjera, shairi la majibizano. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi wetu wa ngonjera, angelitambua mara moja. Mwenye dhambi anamwona buibui na kuuliza kwa dharau, wewe kitu cheusi, kibaya, kitambaacho, ni nani? Anajibiwa: mimi ni buibui. Anasema, buibui, kweli kiumbe kichafu! Na buibui anamrudi palepale: si mchafu kama wewe, kwa jina wala kwa umbo, jina langu nimepewa nilipoumbwa, na umbo langu limetoka kwa huyohuyo Mungu wa wokovu wako. Wanaendelea hivyo kurasa kadhaa. Mwanadamu anajivunia sura ya Mungu aliyoumbwa nayo, buibui anamuuliza ameifanyia nini. Mwisho mwanadamu anakubali kwamba amekuwa mpumbavu kumtukana, na anamwita buibui wangu mwema.

Kuna jambo dogo hapa litakalokukwaza usipolijua. Buibui anajisifu kwamba anashika milango na makomeo, anapanda hadi kwenye kiti cha enzi cha mfalme, na hakuna sheria ya kumfukuza. Hiyo imetoka Mithali 30:28. Ukifungua Biblia yetu ya Union utakuta mjusi, siyo buibui. Biblia ya Kiingereza aliyoitumia Bunyan ilisema buibui. Kwa hiyo usibadilishe shairi kuwa la mjusi. Waeleze watoto tu kwamba wafasiri walitofautiana juu ya neno hilo la Kiebrania. Kwa Bunyan somo ni kwamba mnyama mdogo anayedharauliwa ameingia ikulu kwa kushika mlango, na mwenye dhambi naye anaweza kuingia mbinguni kwa mkono wa imani.

Umeuliza pia kuhusu hadithi. Iliyonibadilisha mimi ni The Life and Death of Mr. Badman, maisha na kifo cha Bwana Mwovu, ya mwaka 1680, miaka miwili tu baada ya Safari ya Msafiri. Ni kinyume cha ile. Ile inamfuata mtu anayekwenda mbinguni, hii inamfuata mtu anayeteremka. Wazee wawili, Bwana Hekima na Bwana Msikivu, wanakutana asubuhi na kuzungumza juu ya jirani aliyekufa. Umbo hilo la mazungumzo lina asili yake: mke wa kwanza wa Bunyan alipoolewa naye, maskini wote wawili, alikuja na vitabu viwili kutoka kwa baba yake, na kimoja kilikuwa cha mazungumzo ya namna hiyohiyo.

Hakuna majitu humu, wala majumba ya mashaka, wala malaika. Kuna mji mdogo wa Uingereza na mtu mmoja anayekua ndani yake. Akiwa mtoto ni mwongo, anaiba matunda kwenye bustani za watu, anaichukia Jumapili. Anapelekwa kwa bwana mwema ajifunze kazi, anatoroka kwenda kwa mbaya. Anataka mtaji, kwa hiyo anamtafuta binti yatima mcha Mungu mwenye mali; anajifanya ameokoka, anasali, anahudhuria ibada, mpaka ndoa ifungwe. Baada ya harusi anamwonyesha rangi yake. Nakwambia, nimewahi kusoma sura hiyo na kikundi cha akina mama, na kulikuwa na ukimya ambao sikuhitaji kuuvunja.

Halafu biashara. Hapa Bunyan anaandika kama mtu aliyekaa sokoni. Mwovu anakopa kwa watu wengi, anaficha mali, kisha anatangaza kwamba amefilisika, anawalipa wadai wake sehemu ndogo na kubaki tajiri kuliko alivyoanza. Ana mizani mbili na vipimo vya kudanganyia. Na Bunyan hamwachii Mwovu peke yake. Anawageukia walanguzi wanaonunua siagi, jibini, mayai na nyama kwa jumla, kisha wakawauzia maskini kidogokidogo kwa bei ya kuwanyonya. Msikivu anauliza kama siyo halali mtu kuuza ghali kadiri awezavyo na kununua rahisi kadiri awezavyo, na Hekima anajibu hapana, na kutoa sababu zake moja baada ya nyingine. Sijaona hoja hiyo imesemwa kwa uwazi namna hiyo kwenye mimbari nyingi za wakati wetu, na waumini wetu wengi ni wafanyabiashara.

Kitabu kina visa vya pembeni ambavyo Bunyan alivisikia na kuviamini, kama kile cha mwanamke wa Ashover aliyeapa kwamba ardhi immeze kama ameiba senti za mvulana, na ardhi ikafunguka. Vingine vitakuchosha. Viruke bila hatia.

Usiruke mwisho. Mke mwema anakufa. Mwovu ananaswa na mwanamke wa pili aliye kama yeye, akiwa amelewa. Magonjwa yanamjia mengi kwa pamoja, na Bunyan anasema jemadari wa majeshi yote hayo ya mauti alikuwa kifua kikuu. Sasa msomaji anangoja. Tumeongozwa kurasa nyingi tukitazamia kitanda cha mauti chenye mayowe, mapepo na majuto. Msikivu mwenyewe anauliza: alikufaje? Na Hekima anajibu kwamba alikufa kama mwanakondoo, kimya, bila hofu, kama mtoto mchanga.

Hiyo ni hatua ya ujasiri mkubwa kwa mwandishi wa zama zile, na hata za leo. Bunyan anajua majirani wanasema nini, maana nasi tunasema hayohayo kwenye misiba yetu: amekufa vizuri, amelala tu, Mungu amempokea. Anakataa. Anakumbusha Zaburi ya 73, ambapo waovu hawana maumivu katika kufa kwao, na anasema mtu aliyeishi katika dhambi bila kutubu, akafa kwa utulivu, utulivu huo si dalili njema hata kidogo. Unaweza usikubaliane naye. Mimi mwenyewe huwa naogopa kuhukumu kifo cha mtu yeyote. Lakini kama kazi ya fasihi, tukio hilo lina nguvu kwa sababu halikutupa tulichokuwa tunakingojea. Ukimaliza kitabu unabaki umekaa.

Kuhusu The Holy War ya 1682, vita vitakatifu vya Mji wa Nafsi, nitasema kwa ufupi zaidi. Mwanahistoria Macaulay aliandika kwamba kama Safari ya Msafiri isingekuwapo, hiki kingekuwa kitabu bora kuliko vyote vya mafumbo ya namna hii. Theluthi yake ya kwanza inastahili sifa hiyo. Mji una malango matano: Sikio, Jicho, Kinywa, Pua na Mguso, na Ibilisi anaingia kwa Lango la Sikio, kwa maneno matamu. Meya ni Bwana Ufahamu; Ibilisi anajenga mnara mrefu mbele ya madirisha yake ili jua lisiingie. Karani wa mji ni Bwana Dhamiri. Huyo kila mara anapiga kelele mji mzima ukatetemeka, kwa hiyo wananchi wanaambiwa kwamba ni kichaa. Yuko Bwana Nitakavyo, anayejiunga na utawala mpya mara moja. Na mfalme anapotuma majeshi yake, Lango la Sikio linawekewa mlinzi mwenye hasira ambaye ningemwita Bwana Nimeshaamua, akiwa na askari 60, wote viziwi. Askari viziwi kulinda lango la sikio! Bunyan alikuwa askari kijana wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1644, kambini Newport Pagnell, na anasema mwenzake aliyekwenda zamu badala yake alipigwa risasi ya kichwa akafa. Ukisoma habari za malango na vikosi humu unahisi mkono wa mtu aliyewahi kulinda lango kweli.

Baada ya mji kukombolewa kitabu kinarefuka. Mji unaangushwa tena kwa karamu ya Bwana Starehe, vita vinarudi, mikutano ya halmashauri haiishi. Vijana wako watachoka. Wachagulie sura za mwanzo, kisha ukurasa wa mwisho, ambapo Imanueli, mwana wa mfalme, hawaambii kwamba vita vimekwisha. Anawaambia washike sana walicho nacho mpaka atakapokuja.

Na usisahau sehemu ya pili ya Safari ya Msafiri, ya 1684, ile ya mke wa Mkristo na watoto wake. Wengi waliosoma ya kwanza hawakuigusa. Humo ndimo zilimo nyimbo zake mbili bora. Moja inaimbwa na kijana mchungaji katika Bonde la Unyenyekevu, mwenye nguo duni na uso mchangamfu: aliye chini haogopi kuanguka, nami nimeridhika na nilicho nacho, kiwe kidogo au kingi. Sisi tunasema mpanda ngazi hushuka. Yule kijana anaimba upande wa pili wa maneno hayo. Wimbo mwingine, wa ushujaa wa msafiri, ulirekebishwa maneno na kuingizwa katika kitabu cha nyimbo cha Kianglikana mwaka 1906 kwa tuni iliyopangwa na mwanamuziki Vaughan Williams, na unaimbwa mpaka leo. Huenda umewahi kuusikia bila kujua ni wa nani.

Kuhusu kutafsiri: tafsiri, binti yangu, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Bunyan alifariki London tarehe 31 Agosti 1688, na maandiko yake yote ya Kiingereza yako huru kwenye intaneti. Usifuate maneno yake moja kwa moja, utapata nathari iliyokatwakatwa. Soma shairi mara tatu, funga kitabu, mwambie mtu jikoni shairi linasema nini. Maneno utakayotumia hapo ndiyo yatakayokupa vina. Ukikwama kwa mizani, hesabu silabi kwa vidole kama tulivyofundishwa, na kumbuka kwamba m ya "mtu" ni silabi kamili. Mnyampala huyohuyo wa ngonjera aliiweka Injili nzima katika utenzi, kwa hiyo usiogope kwamba lugha yetu haitatosha.

Anza na yai, ni fupi. Kisha mkate, kisha konokono. Ukipenda, tumia beti zangu na uziboreshe. Bwana Mwovu msome wewe mwenyewe kwanza, usiku, kabla hujampeleka kwa vijana. Na mkifika kwa buibui, mpe mtoto mmoja sehemu ya mwenye dhambi na mwingine sehemu ya buibui, wasimame wakitazamana mbele ya darasa. Niandikie uniambie wangapi walitaka kuwa buibui.